Kuotesha bakteria: damu inaota nini maabara?

Mzee mmoja wa Wete, Pemba, alirudi dirishani kwetu maabara siku ya tatu kuulizia majibu ya mjukuu wake. Kijana wa mapokezi akamwambia damu bado inaota. "Inaota?" akashangaa mzee. "Kwani imelala?" Tulicheka sote, na yeye pia, lakini swali lake lilikuwa la haki. Neno hili tumelitoa shambani tukaliingiza maabara bila kumweleza mtu.

Kuotesha ni kuchukua damu, mkojo, usaha au choo cha mgonjwa na kukiweka penye chakula na joto la kutosha, ili bakteria waliomo wazaane mpaka waonekane. Bakteria mmoja peke yake jicho halimwoni. Hata ukimtazama kwa hadubini, utaona kijiti au kidoti tu, na vingi vinafanana, cha hatari na kisicho na hatari. Lakini akipata chakula, mambo hubadilika. E. coli, bakteria wa utumboni, akistarehe hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Anza na mmoja saa mbili usiku. Ikifika saa tisa wamepindukia milioni mbili. Asubuhi unakuta kitone juu ya kisahani, mfano wa kichwa cha pini. Kitone hicho huitwa koloni, na wote waliomo ni watoto wa mzazi mmoja.

Chakula chenyewe kina hadithi. Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyechunguza bakteria, na wenzake walianza na vipande vya viazi, kisha jelatini, ambayo huyeyuka kwenye joto la mwili, joto lile lile bakteria wetu wanalolitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi kwa Koch, akapendekeza agari, isiyoyeyuka kwa joto hilo, kitu alichokuwa akigandishia vyakula vitamu jikoni kwake. Agari hutokana na mwani. Usikimbilie Paje, pwani ya Unguja, lakini: mwani unaolimwa kwetu Zanzibar tangu 1989 hutoa karajinani, si agari. Ni binamu yake tu.

Agari nayo huungwa kama mchuzi, kila mpishi na shabaha yake. Ya kutafutia kipindupindu ni ya kijani, na vijidudu vyake vikiota juu yake hutoka vya manjano, huwezi kuvipita. Kuna nyengine ambayo E. coli hutoka waridi, na wale wa homa ya matumbo hutoka wameparara, hawana rangi.

Sasa hii homa ya matumbo, taifodi, ndiyo inayotugombanisha na watu. Mara nyingi mililita moja ya damu ya mgonjwa haina hata bakteria mmoja. Ndiyo maana mtu mzima tunamvuta mililita 8 hadi 10, na wengine wanadhani tunaiuza. Damu inaingia kwenye chupa ya supu maalumu, inakaa kwenye kabati la joto la nyuzi 37 kwa siku tano mpaka saba. Mgonjwa akiwa ameshameza antibayotiki za dukani jana yake, chupa inaweza kubaki safi na ugonjwa anao.

"Mbona kwengine walinipa taifodi kwa dakika kumi?" Swali hili nalisikia kila wiki. Kipimo kile, kilichobuniwa na daktari Mfaransa, Widal, mwaka 1896, hakimtafuti mwizi, yaani bakteria mwenyewe. Kinatafuta askari, yaani kingamwili, ambao mwili uliwahi kuwatoa, na askari hao hubaki muda mrefu baada ya mwizi kuondoka. Tena huweza kuwa walitolewa kwa mwizi mwengine. Mimi majibu mengi ya aina hiyo siyaamini, na sioni haya kusema.

Chupa ikichafuka, tone lake hupakwa juu ya agari mpaka koloni zitoke. Koloni ikishapatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Tunaipaka upya kwenye kisahani kizima, tunaweka juu yake vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa tofauti, tunaacha usiku kucha. Dawa inayofanya kazi hujizungushia duara tupu. Isiyofanya kazi, bakteria huota mpaka mlangoni pake. Duara hupimwa kwa rula, milimita kwa milimita, na daktari akaambiwa aandike dawa ipi.

Kwa daktari habari inaishia hapo. Mtafiti wa bakteria, awe Wawi, Pemba, kwenye maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000 au kwengineko, umri wake wa kazi unakwenda kwenye koloni hizo hizo: zimeachana wapi na za mwaka juzi, dawa ipi zimeizoea, zina undugu na zilizotoka kisima kipi.

Chupa ya mjukuu wa yule mzee ilichafuka siku ya nne. Koloni zilitoka zimeparara, vidonge viwili kati ya vitano havikuwa na duara, na dawa aliyokuwa akipewa mtoto ilikuwa mojawapo ya hivyo viwili. Ikabadilishwa mchana wa siku ile ile majibu yalipotoka. Koloni moja tuliichota, tukaitia kwenye kichupa chenye namba bila jina, kikaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Humo ndimo inamolala kweli, na hata miaka 20 baadaye ukiitoa ukaipa agari na joto, asubuhi utaikuta imeota.