Zaburi ya 52 kwa mtu aliyechongewa

Wengi wanaonijia na habari za kupingwa wamechongewa. Mtu wa karibu, wa ofisini au wa kwaya moja, amepeleka maneno kwa mkubwa, na sasa mkubwa hawatazami usoni. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha Agano la Kale, huwa nawafungulia Zaburi ya 52. Ni mistari 9 tu, na ilizaliwa katika jambo hilohilo.

Anwani yake, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya mstari wa kwanza, inamtaja Doegi Mwedomi, aliyekwenda kumwarifu Sauli kwamba Daudi ameingia nyumbani kwa Ahimeleki. Kisa chenyewe kiko 1 Samweli 21 na 22. Daudi alifika Nobu, mji wa makuhani, akimkimbia Sauli, ana njaa, hana silaha. Akamdanganya kuhani Ahimeleki kwamba mfalme amemtuma kwa siri. Kuhani akaamini, akampa mikate mitakatifu na upanga wa Goliathi. Doegi, mkuu wa wachungaji wa Sauli, alikuwepo akaona.

Soma maneno ya Doegi kwa Sauli taratibu. Chakula kilitolewa kweli. Upanga ulitolewa kweli. Alichokiacha ni kwamba kuhani alidhani anamhudumia mkwe wa mfalme aliye kazini kwa mfalme. Hilo lilipoachwa, wema wa Ahimeleki ukawa uhaini. Sauli akaamuru makuhani wauawe, na askari wake mwenyewe wakakataa kuwanyoshea mkono. Doegi akaifanya kazi hiyo: makuhani 85 siku moja, kisha mji wa Nobu, wanawake na watoto wanyonyao, ng'ombe, punda na kondoo. Ndiyo sababu zaburi inaufananisha ulimi wake na wembe mkali. Aliyewahi kuchongewa kwa nusu ya ukweli anajua uchungu wake: huwezi kukana yote, na ukianza kueleza unaonekana unatafuta visingizio.

Ndipo unafika mstari wa 8: "Bali mimi ni kama mzeituni umeao katika nyumba ya Mungu. Nazitumainia fadhili za Mungu milele na milele."

Hapo nataka tukae kidogo, maana anayesema hivyo hakuwa na mikono safi. Uongo wa Daudi ndio uliomtia Ahimeleki hatarini. Abiathari, mwana wa Ahimeleki aliyeponyoka, alipomletea habari, Daudi alikiri kwamba siku ile alijua Doegi atamwambia Sauli, na kwamba yeye ndiye sababu ya kufa kwa nyumba ile yote. Hakutafuta udhuru. Sisi tukipingwa huanza kwa kujipima kama tuna haki, na tukikuta mahali tulipoteleza, tunaona haya hata kupiga magoti. Zaburi ya 51, iliyo jirani, inafunguka kwa kuomba rehema sawasawa na fadhili hizohizo za Mungu. Zile zinazomsamehe mkosaji ndizo anazozishika mtu aliyezungukwa na adui, na mara nyingi mkosaji na mtu huyo ni mmoja. Ninawasihi sana wasomaji wangu walishike hili: hutakiwi kushinda kesi yako kwanza ndipo upendwe.

Jambo jingine hunigusa kila ninapoisoma. Siku ile Nobu, Doegi naye alikuwa mbele za Bwana, mahali palepale patakatifu. Kwa hiyo anayekupinga akiwa mtu wa kanisa lako, anayeketi benchi la mbele, Biblia inamfahamu. Zaburi inasema Mungu atamng'oa katika nchi ya walio hai, huku Daudi akijiona kama mti uliootea nyumbani mwa Mungu. Mzeituni hukua polepole, huishi karne nyingi, na ukikatwa huchipua tena chini. (Nyanda zetu za juu, Kenya na Tanzania, zina mzeituni wa mwitu, ndugu yake.)

Lakini ukitafuta mwisho wa Doegi katika Biblia, huupati. Baada ya 1 Samweli 22 haonekani tena, ila katika anwani ya zaburi hii. Daudi alimshukuru Mungu huku hesabu ya Doegi ikiwa bado mikononi mwa Mungu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika mikesha yetu zaburi kama hii husomwa ili maadui waliotajwa kwa majina wafe. Maumivu yanayowafikisha watu hapo nayaelewa. Hata hivyo Daudi hakuomba wembe wake mwenyewe. Baadaye, katika pango la En-gedi, Sauli aliingia mikononi mwake, naye akakata upindo wa vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo.

Alichofanya baada ya Nobu ni kumpokea Abiathari: kaa kwangu, usiogope. Abiathari alikuwa amekimbia na naivera, vazi la kuhani lililotumika kumwuliza Mungu. Muda si muda Daudi aliuokoa mji wa Keila kutoka kwa Wafilisti, akasikia Sauli anamjia huko. Akamwambia Abiathari ailete naivera, akamuuliza Mungu kama watu wa Keila watamtoa kwa Sauli. Jibu likaja kwamba watamtoa. Akaondoka na watu wake wapatao 600, na Sauli akaacha kwenda Keila.