Maana ya "mwisho wa msaada" kwenye Windows ya zamani

Oktoba 2025 mama mmoja mwenye steshenari pale Majengo, Moshi, alinipigia simu kabla hata sijanywa chai. Kompyuta yake ya kaunta ilikuwa imemletea tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho wa msaada, na wateja walishaanza kupanga foleni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ya haraka, akauliza: "Mwanangu, sasa hii mashine inazimika saa ngapi?" Nikamwambia haizimiki, ataendelea kuprinti kama jana. "Ee, basi hakuna neno," akasema, akakata. Nilibaki najilaumu, kwa sababu nilichomwambia kilikuwa kweli na bado kilikuwa kimempotosha. Jioni nilikwenda dukani kwake kumweleza vizuri. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo wateja wa Moshi na Arusha huniuliza.

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa ambayo fundi anaiweka unapomwambia "nipigie Windows". Ndiyo inayoamsha mashine, inayopokea herufi unazobonyeza, inayoongea na printa na inayoamua programu gani iguse faili gani. Imeandikwa na watu, na kazi ya watu haikosi matundu. Tundu likigundulika, mtengenezaji hushona kiraka na kukituma kwa intaneti. Microsoft hutoa viraka vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi. Mwisho wa msaada ni tarehe ambayo ushonaji huo unakoma kwa toleo fulani. Mashine inaendelea kuwaka, faili zako zipo, na leseni uliyonunua ni yako bado, ila viraka haviji tena.

Aliyekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, analielewa hili upesi. Uzio wa masale, mimea inayopandwa mpakani, hauanguki siku ile mtu wa kuutunza anapohama. Wiki ya kwanza huoni tofauti, na mwezi wa kwanza pia. Kisha shina moja linakauka, mbuzi anapata pa kupenya, na hakuna wa kupanda jingine.

Kwenye kompyuta lipo jambo baya zaidi ambalo uzio hauna, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Windows 10 na Windows 11 ni ndugu, na sehemu kubwa ya maandishi yao ya ndani ni yale yale. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, wezi hukichukua na kulinganisha faili ya kabla na ya baada. Mahali palipobadilika panawaonyesha tundu lilipokuwa. Mara nyingi tundu hilo lipo pia kwenye toleo la zamani, na huko hakuna wa kuliziba. Kwa hiyo kiraka kinachomlinda jirani yako kinamchorea mwizi ramani ya kuja kwako. Ndiyo maana hatari haibaki palepale baada ya tarehe kupita. Inakua mwezi kwa mwezi, hata kama wewe hujagusa kitu.

Mama aliniuliza kuhusu antivairasi, kwamba si anayo? Anayo, na Microsoft imesema antivairasi yake ya Defender itaendelea kupokea taarifa mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Ni msaada wa kweli. Lakini antivairasi ni mbwa wa nyumbani: anabweka akimwona mgeni anayemtambua kuwa mbaya, wala haendi kuziba uzio.

Tarehe zenyewe hutangazwa miaka mingi kabla, hivyo hakuna sababu ya kushtukizwa. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, ikaachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, ikaachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, ikaachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitaka kujua uko wapi, shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kisanduku kidogo kitakutajia toleo lako.

Sasa nije kwenye kosa ambalo nalikuta karibu kila ofisi ninayoingia, kuanzia maduka ya Barabara ya Sokoine kule Arusha hadi ofisi ndogo za hapa Moshi: mtu ana toleo ambalo bado linatunzwa, lakini fundi amezima masasisho, yaani kuingia kwa viraka hivyo, ili bando lisiishe. Naielewa sababu. Kiraka cha mwezi kinaweza kula mamia ya megabaiti, na bando ni hela. Ila kompyuta hiyo imejifikisha yenyewe mwisho wa msaada, miaka kabla ya tarehe.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Mei 2017. Machi ya mwaka huo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu moja kwenye njia ambayo kompyuta hutumia kugawana faili ndani ya mtandao. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilipita kwenye tundu hilo hilo, ikafunga faili za watu na kudai malipo. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 ziliambukizwa, na nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Watu wengi waliilaumu Windows XP, iliyokuwa imeachwa miaka mitatu kabla. Lakini ilipohesabiwa, mashine nyingi mno zilizoumia zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatunzwa. Kiraka chake kilikuwepo, ila wenye mashine hawakukiweka.

Basi tarehe ni swali la kwanza, na la pili ni kama viraka vinaingia kweli. La tatu, ambalo ndilo linaloamua, ni mashine hiyo inafanya kazi gani na inagusana na nani. Steshenari ya yule mama ina kompyuta tatu, na kila moja ilipata jibu lake.

Ile ya kaunta ndiyo iliyonitia hofu. Hapo watu wanaingiza namba zao za NIDA na vyeti vyao, wanafungua barua pepe zao, na flashi za kila aina zinachomekwa. Umeshaziona zile flashi ambazo mafaili yote yamegeuka shotikati? Sasa chukua mashine inayomezeshwa hizo kutwa nzima, iwe kwenye intaneti, na isiwe na viraka. Hiyo haina cha kusubiri.

Nilifungua taarifa za mfumo tukasoma namba ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta: i5-8500. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakutajia kizazi, hivyo 8 hapa ni kizazi cha nane; tarakimu zikiwa tano kama 10400, soma mbili za mwanzo, ni cha kumi. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka kwa kawaida Intel kizazi cha nane kwenda juu, au AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM (kumbukumbu ya muda) ya gigabaiti 4 na nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 64. Kwa gigabaiti 4 utateseka, mimi nashauri 8. Mashine ya mama ilitimiza yote, na kwa Windows 10 yenye leseni halali kuhamia 11 ni bure.

Soma namba hiyo kabla ya kununua pia. Kompyuta za mezani zilizotumika zimejaa mjini, nyingi ni za kizazi cha tatu na cha nne, zimefutwa vumbi zinang'aa. Muuzaji atakwambia "hii ni i7 mkubwa". Nayo i7 ya kizazi cha nne haipiti pale ambapo i3 ya kizazi cha nane inapita.

Kompyuta ya pili ni i5-4570, kizazi cha nne, anaitumia binti yake kuchapa barua na risala. Hiyo Windows 11 haiikubali. Wapo mafundi wanaoilazimisha iingie, na inaingia kweli, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizotimiza masharti hazihakikishiwi masasisho. Yaani unaweza kulipa hela ya ufundi ukarudi ulipokuwa. Kwa mashine hii tulichukua viraka vya nyongeza vya Windows 10 ambavyo Microsoft ilivitangaza kwa watumiaji wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 30, au bila malipo ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Ulikuwa mwaka mmoja wa kujipanga kutafuta mashine nyingine.

Ningeweza kumwekea Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, ambayo ni bure, nyepesi, na toleo lake la 22 linapata viraka hadi 2029. Kwa mwanafunzi au mtu wa kusoma mtandaoni ningeiweka bila kusita. Kwa steshenari sikushauri: mteja analeta CV aliyoiandika kwenye Word, ikifunguliwa huko mistari inahama kidogo, na mteja mwenye usaili saa nne hatakuelewa.

Ya tatu ni Windows 7 inayoendesha printa ya picha za pasipoti. Dreva ya printa hiyo, yaani programu inayoiwezesha kuongea na kompyuta, inaishia Windows 7, na printa bado inatoa picha safi. Watu wengi wangesema itupwe. Mimi sioni sababu. Mashine isiyogusa mtandao haifikiwi na mwizi wa mtandaoni, na njia pekee inayobaki ni flashi. Tukakubaliana flashi moja tu ndiyo itakayoingia humo, ya dukani, yenye utepe mwekundu, na picha zitapita kwanza kwenye kompyuta ya kaunta. Kuitumia kwenye intaneti kulishakuwa shida hata hivyo. Kivinjari cha Chrome kiliacha kuitolea Windows 7 matoleo mapya mwaka 2023, la mwisho likiwa 109, na tovuti zikafika mahali pa kufunguka nusunusu. Hiyo nayo ni alama ya kuiangalia: kivinjari kikiiacha mashine yako, mambo ya mtandaoni yamekuisha.

Kuna wanaokosea upande wa pili, wanaokimbilia toleo jipya siku linapotoka. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu baadhi ya watu walikuta mafaili yao yamefutwa. Lilirudi Novemba. Kwa hiyo kiraka cha usalama cha kila mwezi kiweke mapema, lakini toleo jipya zima liache miezi michache wengine waligundulie kasoro zake. Tarehe ya mwisho ikiwa mwaka mmoja mbele, hapo ndipo pa kuanza kupanga hela na muda.

Siku ya kuhama kaunta tulichagua Jumapili mchana. Kwanza tulinakili mafaili yote kwenye diski ya nje, tukafungua matano ya hapa na pale kuhakikisha yanafunguka, kwa sababu nakala isiyojaribiwa hujui kama ni nakala. Kisha tukachomeka mashine kwenye UPS, ile betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii unaweza kuamka na mashine isiyowaka. Kupakua gigabaiti kadhaa na kumaliza kulituchukua hadi jioni.

Kabla ya kuondoka nilichomoa kebo ya mtandao kwenye ile ya Windows 7. Mama aliikunja, akaitia kwenye droo ya risiti, akafunga na ufunguo.