Mwanamke anapooa

"Wewe umeolewa?" bibi aliniuliza hata sijakaa vizuri kwenye kigoda. Nikamjibu, "Ndiyo, bibi." Akanisogezea kibuyu cha maziwa, akasema, "Mimi nimeoa."

Hapo ni wilayani Tarime, mkoani Mara. Habari za nyumba ntobhu, yaani mila ya mwanamke kumuoa mwanamke mwenzake, nilikuwa nimezisoma miaka mingi kabla ya kufika kwa Wakurya, na ndizo zilizonipeleka huko. Hata hivyo kitenzi kile kilinishtua. Mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu mwanamke akisema "nimeoa", watu watamsahihisha kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Nafundisha anthropolojia, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniambia kwamba Kiswahili hakijali mwanamume wala mwanamke, kwa sababu tuna "yeye" mmoja tu. Kwenye viwakilishi yuko sahihi. Unaweza kusimulia habari za mtu kutwa nzima na msikilizaji asijue kama ni Me au Ke. Ila ingia kwenye mnyambuliko wa vitenzi uone. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi huoza. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa, na tumezoea hivyo kiasi kwamba hatusikii tena. Hata mkono wa kulia tunauita wa kuume.

Kwa hiyo bibi yule aliposema "nimeoa" hakuwa amekosea sarufi. Alikuwa amelipa mahari. Ng'ombe walitoka zizini kwake wakaenda kwa wazazi wa binti, na anayetoa ng'ombe ndiye anayeoa.

Hapa ndipo ninapopenda kuwaeleza wanafunzi tofauti ya jinsi na jinsia. Jinsi ni mwili: kile mkunga anachokiona mtoto anapozaliwa, kile tunachokitia vema kwenye fomu. (Hata mwili wenyewe hauingii kila mara kwenye visanduku viwili vya fomu. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wenye jinsi tata, yaani ambao mwili wao si wa kike wala wa kiume moja kwa moja.) Jinsia ni nafasi ambayo jamii inampa mtu kwa kuutazama mwili huo: nani arithi, nani ahame kwao, nani aongee kwenye kikao, nani apike. Kwa muda mrefu Kiswahili kiliyachanganya maneno haya mawili, na mtaani bado kinayachanganya. Matumizi ya kuyatenga yalipata nguvu Tanzania kuanzia miaka ya 1990, kwa kazi ya mashirika kama Mtandao wa Jinsia Tanzania ulioanzishwa 1993, na baada ya mkutano wa wanawake wa Beijing wa 1995. Mwaka 2000 tukapata Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia. Inaniuma kwamba baada ya kazi yote hiyo, ukitaja "masuala ya jinsia" ofisini wengi wanasikia "mambo ya akina mama", kana kwamba wanaume hawana jinsia.

Turudi Tarime. Kwa nini mwanamke aoe? Jibu liko kwenye mali. Kwa Wakurya, kama ilivyo kwa Wanandi na jamii kadhaa za wafugaji, kila mke ana nyumba yenye ng'ombe wake na mashamba yake, na mali ya nyumba hiyo hurithiwa na wana wa nyumba hiyo. Sasa chukua mwanamke ambaye hakuzaa, au amezaa mabinti watupu na wote wameolewa wakaondoka. Mume akifa, nyumba haina mrithi. Shemeji wanaanza kupita pita shambani wakihesabu miti. Mila ikampa mwanamke huyo mlango: atoe mahari, alete binti nyumbani, binti azae, na watoto wawe wa nyumba yake. Mwanamume atakayezaa na binti huyo ni wa nje. Hana haki juu ya watoto, maana hakutoa ng'ombe.

Wakurya na Wanandi hawakulitatua jambo hili kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo inayonifurahisha zaidi katika kazi yangu. Kwa Wanandi wa Kenya, mwanamke anayeoa huhesabiwa kuwa mume hasa. Kwa kawaida ni mtu mzima aliyekwisha kukoma hedhi, hatakiwi tena kulala na mwanamume, na katika mambo ya mali na urithi anasimama mahali pa mwanamume. Ukimtazama shughuli zake za kila siku hutaona mabadiliko makubwa, lakini zizi linapogawanywa, yeye ni mume. Kwa Wakurya niliowatembelea mambo yalikuwa mengine. Bibi yangu wa Tarime hakujiita mume hata siku moja. Binti aliyemtolea mahari, bibi alimwita mkamwana, yaani mke wa mwanawe, kana kwamba amemuolea mtoto wa kiume ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watoto walimwita bibi. Yaani Wanandi wanambadilisha mwanamke jinsia, na Wakurya wanamwacha alivyo, wanamweka mwana asiyekuwepo katikati. Mwili haukubadilika kwa huyu wala kwa yule.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa darasani kabla sijageuka kutoka ubaoni: je, wanalala pamoja? Hapana, si ndoa ya mapenzi kati ya wawili hao, na wenyewe huudhika wakiulizwa. Binti hulala na mwanamume. Hili lina maana kubwa kwa anayejifunza, kwa sababu kuna jambo la tatu mbali na jinsi na jinsia, nalo ni nani mtu anamtamani. Tumezoea kuyafunga matatu haya kamba moja: mwili huu, basi kazi hii, basi hamu hii. Nyumba ntobhu imeifungua kamba hiyo miaka mingi kabla ya semina zetu. Ndiyo maana huwa nawakatalia wanaoitumia kama ushahidi kwamba mababu waliruhusu mapenzi ya jinsia moja, na nawakatalia vilevile wanaosema kwamba mababu walijua ndoa ya aina moja tu. Wote wanasoma kisichokuwepo.

Sheria imepata shida nayo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa iliamua shauri la mirathi ya mwanamke Mnandi aliyekuwa ameoa kimila. Mahakama iliikubali ndoa ile na ikamtambua mke na watoto wake kuwa na haki katika mirathi, ingawa Ibara ya 45 ya Katiba ya 2010 inazungumzia haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsi nyingine. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, basi. Nyumba ntobhu haimo.

Na anayeumia kwa kutokuwamo huko mara nyingi ni binti. Sitaki kuipamba mila hii. Wengi wa mabinti hawa wanatoka kwenye nyumba maskini na ng'ombe walipokewa na baba zao. Niliongea na wasiomtaka kabisa mwanamume waliyechaguliwa. Wengine waliletwa wakiwa wadogo mno. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikuta kwamba vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikasimamia uamuzi huo 2019. Lakini ndoa ambayo sheria haioni, ni nani atauliza umri wa bibi harusi? Nimewasikia pia waliosema wameichagua wenyewe, kwa kuwa walichoka kupigwa na waume na kwa mama mkwe hawapigwi. Siwezi kuwanyamazisha hao ili hoja yangu inyooke.

Siku ya mwisho niliongozana na mkamwana wa bibi hadi zahanati, mtoto mgongoni. Muuguzi alifungua kadi mpya ya kliniki na kuanza kuuliza. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jinsi. Akaandika Ke. Alipofika kwenye jina la baba, mama mtu akalitaja jina la mume wa bibi, mzee aliyefariki miaka mingi kabla ya mtoto kuzaliwa. Muuguzi naye alikuwa Mkurya. Akaliandika, akageuza ukurasa, akamweka mtoto kwenye mizani.