Jimnastiki kwa watoto wadogo: mazoezi kiasi gani yanatosha?

Mwanangu ana miaka 4. Je, ni mapema mno kumwanzisha?

Si mapema, mradi kinachoitwa mazoezi kiwe mchezo. Mtoto wa umri huo anajifunza kubingirika, kupiga kichwangomba, kuning'inia, kutembea juu ya ubao uliolazwa chini, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjika. Vipindi 1 au 2 kwa wiki, visivyozidi saa moja kila kimoja, vinamtosha kabisa.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 3 na 4 wachangamshe mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za nguvu, za kuwafanya waheme. Wazazi wengine wakisikia hesabu hiyo hukimbilia kuongeza vipindi. Hakuna haja. Kukimbizana, kupanda na kushuka, kurusha mpira, vyote vimo humo, wala havihitaji kocha. Na ukikuta darasa la watoto wa miaka 4 ambako wanakaa foleni muda mrefu kungoja zamu, au kocha tayari anazungumzia mashindano, mtafutie pengine.

Akishakua kidogo, iwe saa ngapi kwa wiki?

Madaktari wa michezo wana kanuni rahisi: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 7 asivuke saa 7, wa miaka 10 asivuke 10. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri pia apumzike kutoka mchezo huo siku 1 au 2 kila wiki, na jumla ya miezi 2 hadi 3 kwa mwaka, ambayo yaweza kugawanywa mwezi mmoja mmoja.

Idadi hiyo ya saa ni mpaka wa juu, si lengo la kufikia. Kwa maoni yangu, mtoto wa miaka 5 au 6 anayefanya saa 2 au 3 kwa wiki hajapungukiwa na kitu. Tena hesabu kila kitu: akitoka kwa kocha akaenda kwenye dansi, kisha jioni akasimama kwa mikono ukutani mpaka wakati wa kulala, mwili wake haujui kwamba hiyo ya mwisho "haikuwa mazoezi".

Kwani kuna ubaya gani akizidisha, ikiwa mwenyewe anapenda?

Ubaya uko kwenye mifupa. Mfupa mrefu wa mtoto hurefuka karibu na ncha zake, kwenye tabaka la gegedu ambalo halijawa mfupa kamili. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na mara nyingi ni dhaifu hata kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Pigo ambalo lingemtegua mtu mzima kiungo, kwa mtoto laweza kuumiza sehemu inayokua.

Jimnastiki ina jambo lake la pekee: inaigeuza mikono kuwa miguu. Kila akisimama kwa mikono au akijipindua, uzito wa mwili unashukia kifundo cha mkono, mara kwa mara. Mfupa unaochakaa zaidi ni ule wa upande wa kidole gumba. Mtazame mtoto anapoinuka kutoka sakafuni: akiacha kuweka kiganja, akajisukuma kwa ngumi au kwa kiwiko, kifundo kinamuuma hata kama hajasema. Wengi hawasemi, maana wanaogopa kuachwa nyuma na wenzao.

Sehemu ya pili ni kiuno. Kujipinda sana kwenda nyuma, mara nyingi mno, huweza kutia ufa katika pingili za chini za uti wa mgongo. Kisigino na sehemu ya chini kidogo ya goti huuma zaidi wakati mtoto anapochupuka kwa kasi, kwa kawaida miaka 11 hadi 12 kwa wasichana na 13 hadi 14 kwa wavulana. Mifupa hutangulia, misuli hubaki nyuma ikivutika. Katika miezi hiyo punguza marudio ya kuruka na kutua, hata kama kocha ananuna.

Ni kweli jimnastiki humfanya mtoto awe mfupi?

Watu wamegeuza sababu na matokeo. Watoto wenye maumbo madogo hujipindua kwa urahisi, kwa hiyo ndio wanaodumu kwenye mchezo. Warefu huhamia kwingine. Mazoezi ya kiasi huimarisha mifupa. Shida huja pale mazoezi mengi yanapokutana na chakula kidogo: balehe huchelewa na mifupa hukosa uimara. Kocha anayewapima watoto uzito mbele ya wenzao au kuwasema kwa miili yao anafungua mlango huo.

Kocha humkandamiza nyonga ili apige msamba, naye hulia. Ni kawaida?

Imezoeleka, lakini si sawa. Kunyoosha viungo kunafaa kumpa mtoto hisia ya kuvutika anayoweza kuistahimili huku akipumua vizuri. Akilia, aachwe. Mzazi naye ana haki ya kuingia na kutazama mazoezi. Mahali panapomfungia mlango kila siku si mahali pa kumwacha mtoto.

Asipobanwa mapema, si atapitwa?

Mwaka 1976 Nadia Comaneci, mwanajimnastiki wa Romania, alipata alama 10 kamili kwenye Olimpiki ya Montreal akiwa na miaka 14, na wengi bado wanafikiria mchezo huu kwa picha hiyo. Lakini tangu 1997 msichana hashiriki mashindano makubwa ya kimataifa ya wakubwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Simone Biles wa Marekani alitwaa dhahabu kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 27. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki 8, ya mwisho akiwa na miaka 46. Muda upo.

Dalili zipi zinahitaji daktari?

Maumivu yanayomwamsha usiku, kiungo kilichovimba, kuchechemea, mgongo unaouma akijipinda nyuma, au maumivu yanayorudi kila mazoezi hata baada ya kupumzika siku kadhaa. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, au aliyekatikiwa hedhi kwa miezi 3, naye apelekwe. Usimpe dawa ya kutuliza maumivu ili aweze kufanya mazoezi. Unamzibia masikio asisikie mwili wake.

Tuna trampolini nyumbani. Ajifunzie hapo?

Hapana kwa samasoti na kujipindua, kwa sababu akiangukia shingo hakuna wa kumdaka. Walio chini ya miaka 6 wasiipande kabisa. Wakubwa wakiruka, awe mmoja mmoja na mtu mzima awe pale pale: ajali nyingi hutokea watoto wawili au zaidi wanaporuka pamoja, na anayeumia mara nyingi ni mdogo wao.