Gari la tabo halivuti? Pima kwanza kabla ya kununua tabo

Mteja akija na gari la dizeli lililoishiwa nguvu mlimani, mara nyingi anakuja na hukumu mkononi: "Fundi, tabo imekufa." Ameshaambiwa hivyo kwingine, na pengine ameshatafutiwa bei ya tabo iliyotumika. Mimi naomba aniachie gari nilipime kwanza. Tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, hufa, sikatai. Lakini hitilafu nyingi zinazofika kwangu kwa jina la tabo ziko kwenye vitu vinavyoiongoza: kimpira cha vakyumu (mvuto wa hewa), valvu ya solenoidi (inayofungua na kufunga njia ya hewa kwa umeme), sensa ya presha, au hozi ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) iliyochanika upande wa chini ambako hakuna anayechungulia.

Huku Iringa magari mengi hutoa siri yakipanda mlima Kitonga. Dereva anataka kulipita lori, anakandamiza mafuta, ghafla gari linalegea na taa ya injini inawaka. Anasimama pembeni, anazima, anawasha, nguvu zimerudi. Hapo kompyuta imeona presha ya hewa hailingani na ile iliyoagiza, ikapunguza mafuta ili kuilinda injini. Tabo iliyovunjika shafti haiponi kwa kuzungusha ufunguo.

Mashine ya kupimia italeta namba ya kosa P0299, yaani presha pungufu, au P0234, presha iliyozidi. Namba hizi zinataja kilichoonekana, hazitaji kifaa kilichoharibika. Kununua kifaa kwa kusoma namba peke yake ni kumtia mwenye gari hasara.

Jambo ambalo natamani kila fundi kijana alishike ni hili. Kwenye dizeli nyingi, mfano Nissan Navara yenye injini ya YD25, vakyumu ndiyo inayovuta fimbo ya tabo, visahani vya ndani vinajibana, moshi unapita kwa kasi, presha inapanda. Mpira wa vakyumu ukichomoka, visahani vinabaki wazi na gari linakosa nguvu: P0299. Sasa chukua gari la petroli kama Subaru Forester ya tabo. Pale, presha yenyewe ya tabo hupitia mpira mdogo kwenda kusukuma mlango wa kupunguzia moshi unaoizungusha tabo ufunguke. Mpira huo ukichomoka, mlango haupati cha kuusukuma, presha inapanda bila breki mpaka kompyuta ikate mafuta: P0234. Mpira ni ule ule, ubovu ule ule, matokeo kinyume kabisa. Kwa hiyo kabla hujashika spana, jua gari lililo mbele yako linaongozwa na nini. Hilux na Prado za injini ya 1KD hazina vakyumu kwenye tabo. Zinatumia mota ya umeme, na kuzitafutia mpira ni kupoteza mchana.

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji hata injini kuwaka. Washa swichi tu, soma sensa ya presha ya hewa kwenye mashine. Inapaswa kuonyesha presha ya hewa ya mahali ulipo: Dar es Salaam karibu kilopaskali 101, hapa Iringa karibu 84. Nimeona sensa nzima ikitupwa kwa sababu fundi alikariri ile 101 ya pwani. Ikisoma 60 au 120 huku injini imezimwa, hapo anza kuishuku sensa na waya zake.

Mwinuko unagusa vakyumu pia. Pampu ya vakyumu ya injini iliyo nzima, ikiwa pwani, huvuta hadi karibu kilopaskali 90. Huku juu haiwezi kuvuka hizo 84 hata ingetoka dukani leo, kwa hiyo ukiona 75 usiilaumu.

Kisha nachukua pampu ya mkono ya vakyumu, naifunga moja kwa moja kwenye kopo la tabo (ndani yake mna diaframu, utando unaovuta fimbo) na kuvuta taratibu huku nikiitazama fimbo. Itembee laini mpaka mwisho, sindano isishuke nikiacha kuvuta, na nikiachia irudi papo hapo. Sindano ikishuka, diaframu imetoboka. Fimbo ikikwama au ikirudi kwa kusuasua, masizi yameganda kwenye visahani, ugonjwa wa magari yanayotembea mjini polepole. Dawa za kupuliza hupunguza tatizo kwa muda. Mimi naamini katika kuishusha tabo, kufungua upande wa moto, unakopita moshi, na kusafisha kwa mkono.

Fimbo ikiwa nzima, narudi nyuma kwenye valvu ya solenoidi. Nyingi huwa na ukinzani kati ya omu 10 na 30, lakini ukinzani mzuri hauthibitishi kuwa inapitisha hewa. Chomoa kichujio chake kidogo ukiangalie. Kwa vumbi la barabara zetu za vijijini, nimekuta vimeziba kabisa.

Hozi za intakula hazihitaji maelezo mengi: shika kwa mkono upande wa chini, tafuta unyevu wa oili, kisha ingiza upepo usiozidi baa 1 na upake maji ya sabuni. Mpasuko mwingine hufunguka presha ikiingia tu, ndiyo maana macho hayaoni kitu gari likiwa limesimama. Kufunga kwa mpira wa tyubu na waya kutakufikisha nyumbani, si zaidi.

Na tafadhali, ile nati ya kurekebisha urefu wa fimbo iacheni. Kuikaza ili "gari liwe na hasira" ni kuficha mpasuko mahali pengine, na siku hozi ikibadilishwa presha itazidi kiasi cha kuumiza pistoni.

Baada ya matengenezo naingia barabarani na mwenye gari, mashine ikiwa imeunganishwa. Gia ya tatu, mlima, mafuta mpaka chini. Naangalia mistari miwili: presha iliyoagizwa na presha iliyopatikana. Ikipanda pamoja na kutulia pamoja, nafuta namba za makosa na kukabidhi ufunguo. Ikiachana, narudi gereji na pampu yangu ya mkono.