Sanduku la kahawa la kila mwezi: anza na tarehe

Kazi yangu ni kuonja kahawa, kwa hiyo swali hili naulizwa sana: kuna haja gani ya kulipia sanduku la kahawa uletewe nyumbani kila mwezi hapa Kampala, wakati mibuni imejaa hadi nyuma ya nyumba ya shangazi kule Masaka? Nimejiandikisha, nimekunywa, na jibu langu ni kwamba inafaa, ila mfuko uwe na tarehe ya kukaangwa.

Sisemi tarehe ya kuisha muda. Hiyo huwekwa mbali sana mbele na haikusaidii kitu. Kahawa ikishakaangwa huanza kutoa kaboni dioksidi, na harufu nayo inapungua taratibu. Siku za mwanzo gesi ni nyingi mno, maji hayapenyi vizuri. Ikitimiza wiki moja hivi inakaa sawa, na hadi wiki ya nne bado ni tamu. Baadaye haikudhuru, inapooza tu. Mifuko mingi ya madukani haionyeshi tarehe hiyo, na hapo ndipo sanduku linapoishinda rafu: mkaangaji anakaanga mwanzoni mwa wiki, kabla ya wikendi boda yuko getini. (Baada ya simu kadhaa za "Madamu, nipo kwenye steji, nishike njia ipi?" Anwani zetu mnazijua.) Kuna mkaangaji nilimwacha kwa sababu hiyo hiyo. Mifuko ilikuja bila tarehe, nikauliza, nikajibiwa "ni mpya tu."

Sanduku la karibuni lilikuwa na mifuko mitatu. Wa Mlima Elgon, upande wa Sipi, ulikuwa kahawa iliyomenywa na kuoshwa: safi, ina uchachu wa chungwa, haina makuu. Wa milima ya Rwenzori ulinikalisha chini. Hii ni arabika, moja ya aina mbili kuu za kahawa, iliyokaushwa na ganda lake, ambayo wenye biashara wanaiita drugar, na kwa muda mrefu jina hilo lilimaanisha kahawa ya bei ya chini, iliyoanikwa ardhini ikabeba harufu ya udongo. Siku hizi wapo wakulima wanaochuma tunda jekundu tupu, wanalianika juu ya vichanja na kuligeuza mara kwa mara lisivunde. Nilipofungua mfuko nilipata harufu ya zabibu kavu na embe lililoiva kupita kiasi. Kwenye kikombe ikabaki hivyo hivyo hadi kahawa ilipopoa, na kupoa ndiko kunakoumbua kahawa mbaya.

Mfuko wa tatu ulikuwa robusta, ile aina kuu ya pili, na hapa naomba mnivumilie. Robusta ndiyo sehemu kubwa ya mavuno ya Uganda, ni mwenyeji wa ukanda huu, na katika msitu wa Kibale bado inaota yenyewe. Lakini hata sisi tunaipa heshima ndogo, kwa kuwa nyingi huishia kwenye kahawa ya unga ya kukoroga. Ikichumwa na kukaushwa kwa uangalifu, waonjaji wanaipa alama, na ikifika 80 kati ya 100 inahesabiwa bora. Hii ya sandukuni ilikuwa nzito mdomoni, ladha ya karanga zilizokaangwa na chokoleti chungu. Inabeba maziwa vizuri kuliko zile mbili. Mama mkwe, mtu wa chai ya maziwa tangu nimjue, alimaliza kikombe akaulizia kingine. Nilimkatalia kwa sababu ilikuwa jioni: robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika.

Sasa maji. Kijikaratasi cha sandukuni kilisema maji yakichemka, subiri dakika moja ndipo umimine. Ushauri huo ni wa watu wa pwani, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kampala tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye 96, na hilo ndilo joto linalotakiwa. Ukingoja, unapoteza ladha bure. Kabale, iliyo juu zaidi, ndiyo usingoje kabisa, huko yanachemka chini ya 95. Mimi napima gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, namimina kidogo kwanza niloweshe unga, nangoja nusu dakika. Unga ukiumuka na kutoa mapovu, mkaangaji hakunidanganya kuhusu tarehe. Ukilala kimya, nampigia simu.

Agiza punje nzima. Ukiwa huna kinu cha kahawa, nunua hicho kabla ya kujiandikisha, hata kile cha kuzungusha kwa mkono, kwa maana kahawa iliyosagwa hupoteza harufu haraka sana. Blenda ya nyumbani inakata ovyo, unapata vumbi na mapande pamoja.

Faida nyingine inatokana na kukaa kwetu kwenye ikweta. Elgon na mikoa ya kati huvuna sana kuanzia Oktoba hadi Februari, Masaka na kusini magharibi katikati ya mwaka, kwa hiyo mkaangaji makini hakosi mavuno mapya. Muulize ya msimu gani. Na kama kwenu mnywaji ni mmoja, chukua sanduku dogo. Mimi mwezi ujao nimeomba mmoja wa Rwenzori na miwili ya robusta.