Hapana, hicho si kivuli

Nimetumiwa tena picha ya mtu aliyesimama dirishani. Uso hausomeki, shati limekuwa kijivu cha majimaji, ukuta wa nyuma nao umefifia, na mwenye picha anaomba nimsifie silueti yake, yaani umbo jeusi tupu mbele ya mwanga: "kivuli kimetoka vizuri". Hakuna silueti hapo, na hakuna kivuli. Kuna picha iliyokosa mwanga.

Kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa usifike: ukutani, ardhini, kwenye shavu la mtu mwingine. Jua likiwa chini kinarefuka, ukuta ukipinda nacho kinapinda, taa zikiwa mbili nacho kinakuwa viwili. Silueti ni kitu chenyewe. Unamtazama mtu yuleyule, ila mwanga wa nyuma yake ni mkali mno, na upande wake unaokutazama umebaki gizani hadi ukingo tu ndio unaosomeka. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa silueti na papo hapo akawa na kivuli, kimelala chini kutoka miguuni pake kuja upande wa kamera. Tafuta picha yenye vyote viwili uitazame vizuri. Baada ya hapo usiniambie tena kwamba silueti ni kivuli.

Hata hivyo, anayevichanganya ana kisingizio, tena cha zamani. Étienne de Silhouette alishika fedha za serikali ya Ufaransa mwaka 1759, zama za Louis XV, katikati ya Vita vya Miaka Saba. Alitaka matajiri nao walipe kodi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaondoka. Jina lake likabaki kuwa dhihaka kwa kila kitu cha kubana matumizi. Picha za uso wa pembeni zilizojazwa weusi zilikuwa za bei rahisi kuliko picha zilizochorwa kwa rangi, basi zikabandikwa jina hilo. Ipo pia simulizi kwamba yeye mwenyewe alipenda kuzitengeneza. Vitabu vingi huchagua simulizi moja na kuitangaza kana kwamba nyingine haipo.

Kisingizio chenyewe ni jinsi zilivyotengenezwa. Mara nyingi mtu aliketishwa kati ya mshumaa na karatasi, kivuli chake kikaangukia karatasi, na mchoraji akafuata ukingo kwa penseli. Johann Caspar Lavater, mchungaji wa Zurich aliyeamini kwamba tabia ya mtu inasomeka kwenye pua na paji lake (tuache hilo), alichapisha hata mchoro wa kiti maalumu cha kumtuliza anayechorwa. Kwa hiyo ndiyo, kivuli kilikuwepo, lakini kama kifaa cha kupimia. Karne ya 19 msanii Mfaransa August Edouart alikikataa kabisa: alimtazama mtu, akashika mkasi na karatasi nyeusi, akakata. Kazi zake ni silueti kamili na hakuna kivuli kilichohusika. Mwenye kushikilia kwamba silueti ni kivuli anieleze basi Edouart alikuwa akikata nini.

Upande wa kamera ni mfupi. Pima mwanga kwenye mandharinyuma, si kwa mtu. Flashi izime. Kwenye simu gusa sehemu angavu kisha shusha mwanga, na kama inakuruhusu zima HDR, maana kazi yake ni kuunganisha fremu kadhaa ili kuinua giza, yaani kukuharibia. Mandharinyuma yasipokuwa angavu kuliko mtu kwa kiasi kikubwa, funga kamera urudi saa nyingine.

Ninapokereka hasa ni kwenye umbo. Watu hupata weusi wakadhani kazi imekwisha, wakasahau kwamba weusi hauna ndani. Mikono iliyokunjwa kifuani imepotea. Wapenzi wawili waliokumbatiana ni gunia moja lenye miguu minne. Uso ulioelekea kamera hauna pua wala mdomo. Mgeuze pembeni virudi. Acha nafasi kati ya mkono na kiuno, kati ya mguu na mguu, mwanga upite. Wachora katuni wanalijua hili: humjaza mhusika weusi mtupu, na asipotambulika wanamchora upya.

Hata umbo zuri linaficha mambo. Mwaka 2003 mbunifu Mjapani Nobuyuki Kayahara alitengeneza silueti inayosogea ya mcheza dansi anayezunguka. Wapo wanaomwona akizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, wapo wanaomwona akienda kinyume, na hakuna aliyekosea, kwa sababu weusi hausemi mguu upi uko mbele. Waliofundishwa kutambua ndege katika Vita vya Pili vya Dunia walipewa silueti za ndege ileile kutoka chini, mbele na ubavuni. Moja haikutosha.

Ninapoyumba ni kwenye mpaka. Nywele zikiwaka ukingoni kwa mwanga wa nyuma, bado ni silueti? Nasema ndiyo. Rangi ya shati ikionekana kidogo? Hapo najikuna kichwa. Kipimo changu ni kwamba jicho likienda kwenye vifungo kabla ya umbo, si silueti tena, nami najua kabisa kwamba jicho lako si langu. Kisha wanakuja wabunifu wa mavazi, wanaozungumzia silueti ya gauni lenye maua na rangi zote. Christian Dior alipotoa kiuno chembamba na sketi pana mwaka 1947, wote walisema ameleta silueti mpya, na hakuna aliyehitaji kuzima taa. Ningependa kuwaambia wamekosea, lakini wanachotazama ni ukingo, na mimi ndiye niliyetumia aya nzima kuwasihi watu watazame ukingo.